Bei ya Rangi

Sisi tulioshika kompyuta mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 tunaijua bei ya rangi. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Mlango ulipofunguka, mashine za kila umri zikatufikia kwa pamoja. Katika ofisi moja ungekuta kioo cha maandishi ya kijani matupu. Pembeni yake kulikuwa na mashine yenye CGA, kadi ya IBM ya mwaka 1981 iliyoonyesha picha kwa rangi 4. Mezani kwa mkubwa kulikuwa na VGA ya mwaka 1987: rangi 256 ukiridhika na picha ya nukta 320 kwa 200, rangi 16 tu ukitaka 640 kwa 480.

Kwa nini rangi zipungue pale picha inapokuwa safi zaidi? Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu ya kadi. Kila nukta ya kioo lazima itunzwe mahali, na kwa rangi 256 kila nukta inakula baiti 1. Zidisha 640 kwa 480, unapata 307,200. VGA ilikuja na kilobaiti 256, yaani baiti 262,144. Hazitoshi. Kwa rangi 16 nukta mbili zinagawana baiti moja, na hapo hesabu inakubali.

Mwaka 1996 nilikuwa napanga kurasa katika duka la uchapaji Kariakoo. Kadi ya video yetu ilikuwa na megabaiti 1, na ilitupa njia tatu. Rangi zaidi ya milioni 16 kwenye uwanja mdogo wa 640 kwa 480. Rangi 65,536 kwenye 800 kwa 600. Au uwanja mpana wa 1024 kwa 768, kwa rangi 256 basi. Mshika mbili moja humponyoka, na sisi tuliyaona hayo kila siku ya kazi.

Siku moja nilikuwa natengeneza kadi ya harusi yenye picha ya bibi harusi. Kwenye uwanja mpana, kadi nzima ilienea kiooni vizuri, lakini uso wa binti uliharibika. Shavu lililotakiwa kufifia polepole kutoka kwenye mwanga hadi kivulini lilikatika mabaka mabaka, na hina ya mikononi ikageuka madoa. Nikapunguza uwanja, nikaiwasha mashine upya, nikasubiri. Uso ukarudi ukiwa hai, na hina ikasomeka ua kwa ua. Sasa kadi haikuenea tena. Ikabidi niisogeze kipande kwa kipande hadi jioni. Nilifanya hivyo kwa moyo mmoja, maana binti yule angeolewa mara moja tu na picha ile ingekaa ukutani kwao miaka mingi.

Kadi ya video pekee haikutosha. Ilihitaji draiva, programu ndogo iliyokuja kwenye disketi, mkalimani kati ya kadi na programu nyingine. Enzi za DOS kila programu ilikuja na wakalimani wake. Windows ikaleta mmoja wa wote, na huyo akikosea, wote wanakosa. Niliwahi kuweka draiva ya kadi nyingine. Kioo kikajaa mistari inayokimbia, na kazi ya watu imo ndani. Tulichojua ni kuiwasha mashine katika hali salama ya Windows 95: rangi 16, uwanja wa 640 kwa 480, kiwango ambacho karibu kila kadi ilikielewa. Kutoka hapo chini tulipanda upya, hatua moja moja.

Hayo ndiyo yaliyokilea kizazi changu. Tulijifunza kuuliza kitu kinabebwa na nini kabla ya kukitaka. Siwaonei wivu wajukuu zangu waliozaliwa na mamilioni ya rangi mfukoni. Tulihangaika ili wao wasihangaike. Ninachohofia ni wao kudhani kwamba bei ilifutwa. Imehamia kwingine tu.

Juzi mjukuu wangu alilalamika kwamba bando limeisha tena na hakufanya lolote ila kutuma picha. Nikamwambia, “Njoo tuhesabu, mama.” Simu yake hupiga picha za nukta milioni 12. Kila nukta inachukua baiti 3, kwa hiyo picha moja, kabla simu haijaibana, ni baiti milioni 36: zaidi ya mara 34 ya kumbukumbu nzima ya kadi iliyomwonyesha bibi harusi wangu. Aliitazama karatasi kwa muda. Kisha akaniomba penseli, akaanza kuhesabu video.