Gundi Ijaribu Jana

Kiswahili kilipoipokea baiskeli hakikujisumbua kuhesabu magurudumu yake. Neno lilitujia kutoka Kiingereza likiwa na hesabu mbele, kwani kile kipande chake cha mwanzo, ambacho Waingereza walikirithi kutoka Kilatini, maana yake ni mbili. Sisi tulilimeza neno zima bila kuuliza. Ndiyo sababu Mswahili husema "baiskeli ya magurudumu matatu" pasipo kujikwaa, ilhali Mwingereza hulazimika kubadili kichwa cha neno lake kila gurudumu linapoongezeka au kupungua. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi jambo hilo kama mzaha wa darasani. Sikudhani kwamba siku moja ningesimama uani kwangu, hapa Kinyangiri, nikitazama baiskeli ya gurudumu moja imeegemezwa ukutani kando ya Phoenix yangu kuukuu.

Aliyeileta ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa sarakasi aishiye Dar es Salaam. Alikuja Juni iliyopita kupumzika, wakati alizeti imekwisha kuvunwa na mabua yamebaki yamesimama mashambani. Chombo chake kilikuwa kitu cha kustaajabisha kwa uchache wake: gurudumu lenye tairi nene, uma wa chuma, tandiko, na pedeli mbili zilizoshikana na kitovu cha gurudumu. Hakina mnyororo, hakina usukani, na hakiserereki chenyewe hata kidogo. Mguu ukisimama, gurudumu nalo husimama. Akanieleza kwamba mbali huko wako watu wanaokipandisha milimani, na kwamba miongoni mwa walioukuza mchezo huo ni George Peck wa Alaska na Kris Holm wa Kanada. Kisha akasema alilolijia.

"Mjomba, nataka niende nacho mpaka kule kwenye majabali na kurudi. Nibebe nini?"

Dada yangu, aliyekuwa akipepeta mtama, hakuinua uso. Alisema tu, "Mjomba wako ajua nini cha kubeba. Muulize alivyojifunza."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Yeye alikuwapo nyumbani siku ile.

Mwaka ulikuwa 1996, majira ya kiangazi kama haya. Baba alishikwa na tumbo usiku, na kulipokucha lilikuwa limevimba na kuwa gumu kama ngoma. Gari halikuwapo. Nilimpakia kwenye keria ya baiskeli, nikamfunga kwa kitenge kiunoni pangu asije akaanguka, nikaanza kukanyaga kuelekea zahanati. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona mtu aliyejiandaa: pampu ilikuwa imefungwa kwenye fremu kwa kipande cha mpira, na mfukoni nilikuwa na kikasha cha viraka, msasa na gundi, ile ambayo mafundi wetu huiita solusheni.

Hatukufika mbali. Aijuaye mbigiri hahitaji kusimuliwa. Ni mmea utambaao chini, wenye maua madogo ya manjano yasiyo na hatia, na kiangazi kikiingia tunda lake hukauka na kupasukia vipande vyenye miiba ambayo, vyovyote viangukavyo, mmoja hutazama juu. Tairi la nyuma, lililobeba uzito wa watu wawili, liliukuta mmoja wa hiyo. Nilimlaza baba kivulini, nikatoa mpira wa ndani, nikalipata tundu kwa kuupitisha karibu na mdomo mpaka nikauhisi upepo. Nikasugua kwa msasa. Nikakifungua kile kimfuko cha bati laini cha gundi, nikakiminya. Hakikutoka kitu. Nilikuwa nimekifungua mwaka uliotangulia, nikakitumia mara moja, nikakifunika na kukirudisha mfukoni, nacho kikakauka kimyakimya huku maandishi yake ya nje yakibaki mapya.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni dhahiri kwamba wahenga hawakutumia solusheni.

Baba alinitazama nikikiminya na kukiminya. Alikuwa na maumivu makali, lakini alikuwa mtu wa maneno machache yaliyopimwa, na hata siku ile hakubadilika. Alisema, "Mwanangu, umebeba jina la gundi."

Nilimsukuma juu ya ringi tupu mpaka jua likapinda. Tulifika, alipelekwa mbele kwa gari la watu wema, alipasuliwa, akapona, akaishi miaka tisa zaidi. Daktari alisema kwamba saa chache nyingine zingetosha kuyageuza mambo. Baba hakunilaumu kamwe. Lakini tangu siku hiyo kila nilipotaka kusafiri kwa baiskeli alinyoosha mkono bila neno, nami nikampa kile kikasha, akafungua, akanusa, akanirudishia.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiuliza abebe nini, sikumjibu upesi. Nilimketisha tukaanza na swali lililo gumu zaidi: kwa chombo chake, vitu vitakaa wapi? Baiskeli ya kawaida ina keria, ina fremu ya kufungia pampu, ina usukani wa kuning'iniza kibuyu. Ya kwake haina mahali. Kila kitu hukaa mwilini mwa mwendeshaji, na kila gramu iliyo mgongoni huyumba pamoja naye anapotafuta mizani. Anayetunga shairi ataielewa hali hiyo kuliko wengi. Ukipewa mizani kumi na sita kwa mshororo, hutaingiza neno kwa sababu ni zuri. Utaingiza lile ambalo shairi litaanguka pasipo nalo.

Tukapanga vitu mkekani, tukaondoa na kurudisha. Vilivyobaki ni hivi. Pampu ndogo. Mpira wa ndani mmoja wa akiba, kwa sababu kuziba pancha juani huchukua muda na kubadili mpira ni haraka. Viraka, msasa na gundi, kwa ajili ya pancha ya pili, maana mbigiri haiji peke yake. Vyuma viwili bapa vya kutolea tairi. Kipande cha tairi kuukuu cha urefu wa kidole, cha kuwekwa ndani endapo jiwe litalipasua tairi lenyewe. Spana ya 15 ya pedeli, na spana ya nati zinazoshika mikono ya pedeli, kwa kuwa mkono uliolegea ukiendelea kukanyagwa hujichimba tundu lake na hautakazika tena. Kitambaa. Maji lita mbili, chumvi kidogo na sukari. Mwilini, kofia ngumu aliyoazima kwa rafiki wa bodaboda, glavu, na kinga za ugoko za wachezaji wa mpira, kwa sababu pedeli za chombo hicho zina meno na hupenda ugoko.

Gundi niliifungua mbele yake. Nikaminya tone kwenye ukucha wangu, likatoka laini, likang'aa. Nikamwambia anuse.

Ili asisahau, nilimtungia ubeti, maana mtu mwenye jua kichwani husahau orodha lakini hasahau kina:

Gundi ijaribu jana, ndipo uanze safari,
Pampu, kiraka, na spana, na maji, usisubiri,
Mwiba utafute sana, uliochoma tairi,
Jina si kitu, kijana, fungua uwe tayari.

Alinibishia papo hapo. Kwanza alitaka kujua kama "spana" ni mizani mbili au tatu, kwa kuwa bibi yake hutamka "sipana". Nikamwambia mimi nimehesabu mbili, na bibi yake akiimba atafute neno jingine la kupunguza. Pili akauliza, "Mjomba, nitaijaribuje gundi jana, na leo ndiyo leo?" Nikamjibu kwamba kuijaribu porini si kujaribu tena. Huko unapewa habari tu.

Tulitoka alfajiri, yeye mbele juu ya gurudumu lake, mimi nyuma kwenye Phoenix. Alikwenda kama mtu atembeaye akiwa ameketi, mikono imetanda, mwili wote ukifanya kazi ambayo usukani hunifanyia mimi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, uliopasuka kwa ukame, aliruka nyufa moja baada ya nyingine. Mtoto mmoja mchungaji alisimamisha mbuzi wake, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Babu, baiskeli ya kaka imekatikia wapi? Nimsaidie kuutafuta upande wa pili?"

Pancha ilikuja tulipokuwa karibu na majabali. Mbigiri, bila shaka. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu, tena kwa fahari. Nilipitisha kitambaa ndani ya tairi polepole mpaka kikanasa, nikautoa mwiba, kwani asiyeutoa huubadilishia mpira mpya ili nao utobolewe. Nikatia mpira wa akiba, nikapampu, nikalirudisha gurudumu kwenye uma, nikakaza nati. Nilihisi kana kwamba baba ananitazama na ameridhika.

Yapata nusu saa baadaye, juu ya mteremko wa mawe, pedeli ya mpwa wangu ilichomoka.

Sikuona vizuri ilivyokuwa. Niliona mguu wake ukikanyaga hewa na mwili ukienda upande, kisha nikasikia kofia ikigonga jabali. Mlio huo ninao hadi leo. Nilitupa baiskeli nikakimbia. Alikuwa amekaa, macho wazi, damu ikimtoka kiwikoni. Alivua kofia tukaitazama: ilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja. Kichwa chake kilikuwa kizima.

Alipotulia aliiokota pedeli, akaitazama, akatazama gurudumu, akacheka kwa masikitiko. "Mjomba, umeligeuza gurudumu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Pedeli mbili za baiskeli hazifanani. Ya kulia hukazwa kama parafujo nyingine yoyote, na ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume, ili mwendo wa miguu usizilegeze. Gurudumu la chombo kile likirudishwa kinyumenyume, ya kulia huwa kushoto na ya kushoto kulia, na kila unapokanyaga unazifungua. Watengenezaji hulijua hilo, nao huchonga herufi mbili ndogo kwenye chuma, za Kiingereza: R ya kulia na L ya kushoto. Zilikuwapo. Nilizipangusa vumbi kwa kitambaa kilekile nilichotafutia mwiba.

Mimi, ambaye nimetumia nusu ya umri wangu kuwasahihisha watoto wanaochanganya *r* na *l*! Katika nchi hii ambayo watu wake huitwa Wanyiramba na vilevile Wanilamba, na mwiba wenyewe uliotutoboa huitwa mbigiri na mbigili, nimemwaga wino mwekundu mwingi kwa ajili ya herufi hizo mbili. Siku moja tu zilipokuwa na kazi ya kuokoa mtu, sikuzisoma. Nilikuwa nimebeba kila kilichotajwa katika ubeti, nimekijaribu jana, nami nilikuwa nikijisikiliza badala ya kutazama kilichokuwa mkononi mwangu.

Spana ya 15 ilikuwamo. Tuligeuza gurudumu, tukairudisha pedeli taratibu kwa vidole kwanza ili isile njia zake, kisha kwa spana. Zilishika. Mpwa wangu akaosha kiwiko, akanywa maji, na tukarudi tukitembea mteremko wote, yeye akisukuma kipande chake na mimi changu.

Njiani nilimwambia habari ya babu yake na kikasha. Alikuwa hajaisikia kwa kinywa changu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama ule ubeti unaweza kuongezwa. Nilimwambia auongeze yeye, mimi nimevuliwa utunzi kwa siku hiyo. Mpaka tunafika barabarani alikuwa akihesabu kwa vidole, akitafuta namna ya kuitia R na L ndani ya mizani nane bila kupoteza kina. Hajaipata bado. Wapenzi wa ushairi mtakaoweza, mnisaidie.

Dada yangu alikuwa mlangoni. Alitutazama, akaiona kofia yenye ufa mkononi mwa mwanawe, akaichukua, akaigeuzageuza. Hakusema neno. Jioni alikuja nilipokuwa nimeketi, akaninyooshea mkono kama baba alivyokuwa akifanya. Nikampa kikasha. Akakifungua, akanusa, akanirudishia.