Mgeni wa Basotu

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Oktoba, tulikuwa melini katika Ghuba ya Aden, nchi kavu haionekani upande wowote. Akaja ndege mdogo akatua juu ya kamba za meli, mbawa zimemlegea kwa uchovu. Tukasogea na kamera hatua tatu. Naye akaruka, akazunguka juu ya maji, akarudi kwa shida. Hapo tukaona haya. Tukaketi mbali, tukampiga picha moja tu, na baada ya adhuhuri akashika njia ya Afrika.

Ndege huyu ni wa rangi ya mchanga, na kiuno chake cheupe huonekana arukapo. Ncha ya mkia ni nyeusi. Uzito wake ni kama gramu 25. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kuwa waliwafunga wenziwe huko Alaska vyombo vidogo vya kupima mwanga, wakajua kwamba hupita Asia na Bara Arabu hata Afrika ya Mashariki, masafa ya kilomita 14,500 hivi, kisha hurejea.

Januari iliyofuata tulitoka Mbulu, tukapita Dongobesh na Haydom, hata Basotu katika wilaya ya Hanang. Malishoni, penye nyasi fupi zilizoliwa na ng'ombe wa Wabarabaig, tulimkuta wa jinsi ile ile juu ya kichuguu. Alikimbia, akasimama, akadokoa mdudu, akamfukuza mwenziwe aliyekitaka kichuguu chake. Si yule mnyonge wa melini!

Mzee mmoja mchungaji alituambia: "Huyu ni wetu, lakini kiota chake hatujakiona."

Naam, kiota kiko kaskazini ya mbali, na watu wa huko nao husema ni wao. Lakini yeye ahitaji kote kuwili, na njia iliyo kati. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya malisho ya Basotu iligeuzwa mashamba ya ngano. Wachungaji wakapungukiwa ardhi, na ngano irefukapo ndege huyu hana pa kukimbilia chakula.

Basi, ndugu msomaji, amwonaye kwake asidhani ni kijindege cha kuchezewa. Tuwazuie wana wetu wasimtupie manati, na mwenye kamera asimsumbue. Mgeni aliyetoka mbali hivyo ana haki ya kupumzika, kisha aende zake salama.