Hesabu Isiyotiliwa Shaka

Miongoni mwa vitu ambavyo mwanadamu wa leo huviamini bila kuvihoji, mashine ya kuhesabu haina mpinzani. Karani akikosea jumla husahihishwa. Mwalimu akikosea ubaoni, mwanafunzi mwerevu hunyosha kidole. Lakini jawabu litokalo katika kompyuta hupokewa kama hukumu isiyo na rufani, na mtu aonaye jawabu lisilopatana na matazamio yake hujishuku mwenyewe kwanza. Desturi hii ina sababu njema, maana mara nyingi mno mwenye kosa ni mtu. Illa si mara zote.

Thomas Nicely alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Lynchburg, Virginia, nchini Marekani. Kazi aliyojitwika haikuwa na faida ya sokoni. Alikuwa akitafuta namba tasa zilizo pacha, yaani zile zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13, na kujumlisha sehemu zipatikanazo 1 inapogawanywa kwa kila moja ya namba hizo. Mwezi wa Juni 1994 jumla zake zilikataa kulingana. Alifanya kama afanyavyo mtu mwadilifu: aliishuku programu aliyoiandika kwa mkono wake, akaishuku programu iliyoifasiri katika lugha ya mashine, akazishuku sehemu nyingine za kompyuta, na miezi ikapita. Baada ya kuwaachilia washtakiwa mmoja mmoja alibakiwa na wa mwisho, nayo ni prosesa ya Pentium yenyewe. Shahidi alikuwa namba 824633702441. Moja ikigawanywa kwa namba hiyo, kisha jawabu likazidishwa kwa namba ileile, hapana budi irudi 1. Prosesa ile ilirudisha pungufu kidogo. Tarehe 30 Oktoba 1994 Nicely aliwaandikia watu kadhaa akawaomba wajaribu katika mashine zao, nao wakaliona aliloliona.

Prosesa hiyo iligawanya kwa kutazama jedwali lililochorwa ndani yake, na baadhi ya nafasi zilizopasa kuwa na namba ziliachwa na sifuri. Kampuni ya Intel ilisema kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Yamkini hesabu hiyo ilikuwa na njia yake, lakini ilimsahau mtu. Mtumiaji wa kawaida hajaonekana na yeyote. Aliyepo ni mhandisi wa daraja, na mweka hazina, na mwalimu wa namba tasa, na kila mmoja hutaka kujua kama zamu yake ni leo au ni mwisho wa miaka hiyo 27,000. Tarehe 20 Desemba 1994 kampuni ilikubali kumbadilishia prosesa kila aliyeomba, na hasara iliyotangazwa mwezi uliofuata ilikuwa dola milioni 475.

Hata hivyo kosa lile lilikuwa na wema wake. Lilikuwa kosa la mchoro, kwa hiyo prosesa zote za mchoro ule zilikosea namna moja, na mtu yeyote mwenye mashine kama hiyo aliweza kulirudia mezani pake. Kosa linalowasumbua leo watunzaji wa seva ni la namna nyingine. Prosesa moja ya seva ina viini vingi, na kila kiini hufanya hesabu zake. Katikati ya ndugu wazima hutokea kimoja ambacho hukosea katika kazi fulani tu, kwa namba fulani tu, pengine katika joto fulani tu, na hakitoi sauti. Mwaka 2021 wahandisi wa Google waliandika kwamba viini vya aina hii huonekana vichache katika kila mashine elfu kadhaa. Kimoja kilikuwa na hila kubwa kuliko vyote: kilifumba maandishi ya siri vibaya, na kilipopewa kuyafumbua kiliyafumbua sawasawa, kwa kuwa kilirudi nyuma kwa njia ileile iliyopotoka. Aliyekiuliza chenyewe alipata jibu safi. Kiini kingine kikipewa kufumbua kilipata upuuzi mtupu.

Mwaka huohuo wahandisi wa Facebook walieleza kisa chao. Programu yao iliyofungua faili zilizobanwa ilianza kwanza kukadiria ukubwa wa faili. Mara nyingine ukubwa ulitoka sifuri, na programu, kwa utii wake, iliona kwamba faili ya ukubwa wa sifuri haina cha kufunguliwa, ikaiacha. Faili zikapotea bila kelele. Baada ya msako mrefu chanzo kilikutwa katika kiini kimoja. Kilipoulizwa 1.1 ikizidishwa yenyewe mpaka kipeo cha 52, kilijibu 142, nayo ni kweli. Kilipoulizwa kipeo cha 53, ambacho jawabu lake ni 156, kilijibu 0.

Hapo ndipo programu za kupima prosesa zinapopata heshima yao. Kazi yake ni ya hakimu mwenye majawabu mkononi: kila kiini hupewa hesabu ambazo matokeo yake yanajulikana, au viini viwili hupewa hesabu moja na majawabu yakalinganishwa. Hesabu hurudiwa joto likipanda na likishuka, umeme ukiongezwa na kupunguzwa, kasi ikibadilishwa. Lakini hakimu huyu hawezi kumaliza kesi. Kuzidisha namba mbili tu za biti 64 kuna jozi zinazowezekana ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39. Hapana maisha ya mashine yatoshayo kuzijaribu. Basi mpimaji huchagua, na anayechagua huenda akaipita 53 akajaribu 52. Tena kiini kilichofaulu leo huweza kuchakaa na kuharibika mwakani, kwa hiyo cheti cha kiwandani si cha milele.

Kwa sababu hiyo upimaji hufanyika kwa njia mbili. Seva hutolewa kazini na kupimwa kwa dakika nyingi, kisha hurudishwa. Na tena, ikiwa imo kazini, huchomekewa vipimo vifupi sana katikati ya kazi za watu. Njia ya kwanza huchimba sana lakini zamu yake hukawia. Ya pili huchimba kidogo lakini hurudi kila mara. Kila dakika ya kupima ni dakika isiyouzwa, na wenye mali hulalamika. Kiini kikishahukumiwa, hufungiwa, au seva nzima huondolewa. Vipimo havirudi nyuma kuyatafuta majawabu kilichokwisha kuyatoa.