Ile tuyo ndogo nyuma ya alternata

Wengi mmeniuliza humu kwenye kikundi, kazi gani hasa nafanya garajini Buyenzi tangu nivuke kutoka Uvira. Jibu fupi: nachafuka. Jibu refu ni kwamba hatukosi gari ya zamani ya mazutu, Land Cruiser ama Patrol, yenye alama ya shirika mlangoni, na mara nyingi ugonjwa wake ni oili. Kwa hiyo ndugu wa mashirika mnaotusoma, hii ni yenu pia. Papa shoferi naye asome mara mbili.

Watu wanasema injini kuukuu imekufa kwa uzee. Zile nilizoona zikifunguliwa hapa, nyingi zilikufa kwa kukosa oili dakika chache tu. Kusineti zinazobeba krankshafti zinakauka, chuma kinasaga chuma, basi. Injini iliyotembea miaka 25 inamalizika kabla shoferi hajapata pa kuegesha.

Chukua Patrol yenye TD42, ile ya lita 4.2, silinda sita. Ni injini ngumu kweli. Lakini injini za mazutu za aina hii hazivuti hewa kwa nguvu ile ya petroli inayosaidia breki, ndiyo maana wakaweka pampu ndogo ya vakyumu mgongoni mwa alternata. Hilux za zamani za 2L na 3L ziko vilevile. Pampu hiyo inataka oili. Inaletewa na tuyo nyembamba kutoka kwenye injini, halafu oili inarudi chini kwa tuyo nyingine, nene, ya mpira.

Mpira ukikaa miaka kwenye joto unakuwa mgumu kama ganda la muhogo, unaanza kupasuka. Tuyo ya kuleta ikipasuka, pampu ya oili ya injini yenyewe ndiyo inamwaga oili barabarani. Ukikanyaga zaidi, inamwaga zaidi.

Na tuyo hii haina mwenyewe! Alternata ikiharibika anaitwa fundi wa umeme. Anafunga alternata iliyotumika, anarudisha tuyo ileile na washa zilezile za shaba zilizokwisha kubanwa, anapima chaji, anaenda zake. Fundi wa injini anaona hiyo ni sehemu ya umeme, haigusi. Ukifungua daftari la gari la shirika utaona safu ya oili, safu ya filtiri, safu ya matairi. Safu ya tuyo sijaiona bado.

Mwaka jana Patrol moja ilikuwa inaleta mtoto mgonjwa na mama yake kutoka kambi moja ya Ruyigi. Walishapita Gitega na Bugarama, wakaanza kuteremka RN1 kuja Bujumbura. Mnaijua ile barabara: kutoka zaidi ya mita 2,000 mpaka ziwani, kona juu ya kona, vijana wa baiskeli na mizigo ya mkaa. Shoferi akasikia breki imekuwa ngumu mguuni. Akatazama kioo, nyuma kuna moshi wa bluu. Akaweka gia ndogo, akaegesha upande wa mlima, akazima.

Ndani ya gari wakamlalamikia. "Papa, taa haijawaka, twende tu, tuko na mgonjwa!" Akakataa. Akasimamisha gari ya abiria, akampakia mama na mtoto, yeye akabaki pale kusubiri kuvutwa. Tulipopima, kijiti cha oili kilitoka kikavu kabisa. Angeshuka kona tatu zaidi angebaki bila injini na bila nguvu ya breki, na mgonjwa ndani. Mimi naona yule mzee ndiye aliyemwokoa mtoto, ingawa siku ile walimwona mkaidi.

Kuhusu ile taa nyekundu: haipimi oili imebaki kiasi gani. Inapima presha, na inawaka presha ikiwa imeshaanguka sana. Kuingoja iwake ni kama kungoja moshi ndipo uamini nyumba inaungua. Kijiti kitazamwe kila asubuhi, injini ikiwa baridi, gari ikiwa sehemu tambarare. Oili nyeusi isikutishe, mazutu inaichafua haraka. Kinachotisha ni kiwango kupanda bila mtu kuongeza. Wengine wanafurahi, kumbe mazutu au maji yanaingia kwenye oili na kuiharibu. Radieta ikionyesha kitu kama chai ya maziwa, usiwashe tena.

Halafu pitisha mkono nyuma ya alternata. Ukiloa oili, au tuyo ikiwa ngumu haikunjiki, usingoje sevisi. Badilisha zote mbili pamoja, na washa mpya. Dukani watakupa tuyo ya maji kwa sababu ni rahisi na inaingia vizuri. Ikataeni, oili ya moto inaivimbisha na kuilainisha. Omba inayovumilia oili na joto. Bei yake haifiki hata ya oili utakayomwaga ikipasuka, na sasa hivi mnajua wenyewe oili nzuri inavyotafutwa hapa mjini.

Ile Patrol tuliifunga tuyo mpya, tukajaza oili, tukaiacha iunguruume nusu saa huku nimeshika taa chini yake. Hakuna tone. Kesho yake ilirudi Ruyigi, na kwenye daftari shoferi alikuwa amechora safu mpya kwa kalamu, ameandika juu yake "tuyo".