Saa ya Maji: Maisha ya Kazi ya Nahodha wa Boti za Kukodi Unguja

Unahodha wa boti za kukodi katika visiwa vidogo vinavyoizunguka Unguja ni kazi changa iliyosimama juu ya ujuzi wa kale, na maisha ya mwandishi wa tawasifu hii, ambayo karibu yote yamepita baina ya Fumba, Mji Mkongwe na Kizimkazi, yameangukia katika kipindi kilekile ambacho watu waliozoea kuvua samaki na kupakia boriti walianza kuwatembeza wageni. Safari ya faragha, kama inavyoelezwa humu, ni ile ambayo mgeni mmoja au jamaa moja hukodi chombo kizima pamoja na nahodha na mabaharia wake kwa siku nzima, bila kuchanganywa na watu wengine, na kwa sababu hiyo hujiona kuwa amelipia, mbali na mahali pa kukaa, haki ya kuamua saa ya kuondoka, kisiwa cha kushukia na saa ya kurudi. Mwandishi anashikilia kwamba haki hiyo ya saa si mali ya nahodha wala ya wakala, kwa hiyo hakuna awezaye kuiuza, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi imekuwa ni kuitetea kauli hiyo mbele ya watu waliokwisha lipa.

Alizaliwa katika kijiji kimojawapo cha rasi ya Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, akiwa mtoto wa fundi wa vyombo aliyechonga ngalawa kwa magogo ya miembe na kuunda mashua kwa mbao. Ngalawa ni chombo chembamba kilichofungwa mirengu, yaani mbao mbili za pembeni zinazokizuia kisipinduke, na mashua ni chombo kipana zaidi, chenye mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu lililofungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali. Kabla ya kuruhusiwa kushika usukani, kijana alipaswa kukaa ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji yanayovuja hukusanyika, akiyafua kwa kata siku kutwa; akitoka huko hufundishwa kukalafati, ambako ni kushindilia nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta katika viungo vya mbao, na kupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaokinga mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini ilimjengea mwandishi tabia ya kukikagua chombo tokea chini kwenda juu, tabia ambayo hakuiacha hata baada ya boti za faiba na mashine za nje kuchukua nafasi ya mashua.

Somo lililomgharimu muda mrefu zaidi lilikuwa la maji. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mtu anayetegemea saa ya ukutani peke yake hupotea baada ya siku chache tu. Wakati wa bamvua, ambacho ni kipindi cha maji makubwa yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia meta 4. Wakati wa maji mafu, yanapofika majira ya nusu mwezi, bahari haijai sana wala haipwi sana. Siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri, ilhali siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka, na aliyeujua mwezi wa jana usiku anaweza kukisia hali ya ufukwe wa kesho hata kabla hajautazama.

Ujuzi huu ndio unaoamua safari nzima ya visiwani. Mafungu ya mchanga yaliyomo katika Ghuba ya Menai, inayopakana na rasi ya Fumba, yaani mirundo ya mchanga mweupe inayoibuka maji yanapopwa na kumezwa yanapojaa, huwafurahisha wageni kuliko jambo jingine lolote, nao hutaka kuandaliwa chakula cha mchana palepale. Lakini siku ya bamvua fungu lililokuwa pana kama uwanja wa mpira saa nne huwa limebaki ukanda mwembamba saa nane, na turubai, meza na majiko yanapaswa kuwa yamekwisha rudishwa botini. Kinyume chake, kidimbwi cha mikoko kilichomo katika kisiwa cha Kwale, ambamo mtu huogelea katikati ya mizizi kwenye maji ya kijani yaliyotulia, hakifai ila maji yakiwa yamejaa. Mgeni anayetaka vyote viwili kwa saa azitakazo yeye anataka kitu ambacho bahari haikukiweka siku hiyo, na kumweleza hivyo kwa upole, tena kabla ya kung'oa nanga, ni kazi ya nahodha na si ya mtu mwingine.

Upepo nao una mamlaka yake. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, huichafua bahari ya Nungwi na Mnemba, upande wa kaskazini wa Unguja, lakini huiacha Ghuba ya Menai ikiwa shwari, kwa kuwa kisiwa chenyewe cha Unguja kinaikinga. Kusi, unaoshika nguvu katikati ya mwaka, huingia ghubani kutoka upande uliofunguka na kuinua mawimbi mafupi yanayopishana kwa haraka, ambayo kwa boti ndogo ni mabaya kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu. Baina ya pepo hizo mbili kuna maleleji, majira ya upepo kubadilika, ambapo bahari huwa tulivu na maji huwa maangavu kiasi cha kuonekana matumbawe kutoka juu ya chombo. Hata hivyo, wageni wengi huja Julai na Agosti, miezi ya likizo za Ulaya, ambayo ndiyo miezi ya kusi kali, na mgongano huo wa kalenda mbili ndio uliozaa migogoro mingi ambayo mwandishi alilazimika kuikabili.

Utalii wenyewe ulikuja hatua kwa hatua. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka katika miaka ya 1980, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatafuta njia nyingine za mapato, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walianza kuonekana ufukweni Forodhani na Shangani wakiuliza bei ya kupelekwa kisiwa cha Changuu. Mwandishi aliacha kuvua akaanza kubeba watu, kwanza kwa mashua ya tanga, baadaye kwa boti ya mashine, na akajifunza Kiingereza na Kitaliano kwa kuwasikiliza wageni. Pamoja na wageni waliingia madalali, ambao mjini huitwa papasi, na nyuma yao mawakala wenye ofisi, wanaopokea malipo yote ya safari na kumkabidhi nahodha sehemu ndogo ya kununulia mafuta, matunda na samaki na kuwalipa mabaharia. Utaratibu huo una ubaya wa pili ulio mkubwa kuliko udogo wa ujira: anayemuuzia mgeni safari hayumo botini, hajui siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, na ahadi anayoitoa hotelini usiku humwangukia mwingine asubuhi.

Safari fupi za mjini zilimfundisha mwandishi kwamba nahodha ni mwalimu pia, apende asipende. Changuu hutangazwa kwa wageni kuwa ni kisiwa cha gereza, na jengo la gereza lipo kweli, lililojengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, lakini halikupata kutumika kwa wafungwa. Liligeuzwa karantini, yaani mahali pa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Kobe wakubwa wanaopigwa picha kila siku kisiwani humo wana asili ya Aldabra, na wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Chapwani, kisiwa cha jirani, kina makaburi ya mabaharia wa Kiingereza wa manowari ya HMS Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mwandishi aliwakataza mabaharia wake kuwasimulia wageni habari za wafungwa ambao hawakuwapo, na alifanya hivyo kwa kuamini kwamba mgeni anayedanganywa juu ya gereza hatakuwa na sababu ya kumwamini nahodha atakapomwambia habari za upepo.

Mambo yaliyobadilisha zaidi fikra za watu wa pwani juu ya usalama yalitokea katika muda usiotimia mwaka mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander, iliyokuwa ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Na tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali wa kusi, MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, katika maji yaleyale ambayo boti za watalii huyakata kila wiki. Misiba hiyo iliziacha familia nyingi za Unguja na Pemba na vilio, na haikuwezekana tena kwa yeyote anayebeba watu baharini kuyachukulia majaketi ya kuokolea kuwa ni matandiko ya kukalia. Ukaguzi wa vyombo uliongezeka, idadi ya abiria ikaanza kuangaliwa kwa dhati, na mwandishi aliuona ukali huo kuwa ni haki ya abiria iliyochelewa kutimizwa.

Ni katika miaka hiyo, asubuhi moja ya Julai, ambapo jamaa moja ya Kizungu yenye watoto wadogo iliyokuwa imelipia safari ya faragha hadi kisiwa cha Pungume ilikuta boti ikiwa bado imefungwa. Kusi lilikuwa limevuma usiku kucha, mawimbi yalikuwa yakivunjika kwenye miamba ya nje, na mwandishi alipendekeza wabaki upande wa ndani wa Kwale au waisogeze safari kwa siku mbili, mpaka maji na upepo viache kusukumana. Wakala aliyewaleta, ambaye hatatajwa humu, alisema kwa simu kwamba mteja ndiye mwenye siku yake na kwamba wapo manahodha wengine. Baba wa watoto hao, alipoelezwa kwa kuoneshwa mawimbi yenyewe, alikubali kubaki. Mwandishi hakupewa tena kazi na wakala huyo, na hajapata kuijutia asubuhi ile.

Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 470, na miaka michache kabla yake, 1994, miamba ya magharibi ya kisiwa cha Chumbe, penye mnara wa taa wa mwaka 1904, ilikuwa imekwisha wekwa chini ya hifadhi inayosimamiwa na watu binafsi, na wavuvi wa vijiji vya karibu wakafundishwa kuwa walinzi wake. Wapo waliolalamika kwamba wamefungiwa bahari ya babu zao, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa kwa sababu mvuvi hali mandhari. Lakini mwandishi aliyaona matumbawe mwaka 1998 yalipopauka, hali inayotokea joto la maji linapozidi na matumbawe yakavitoa nje vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe kama mifupa na mengi yakafa. Tangu hapo hakuruhusu nanga ya boti yake kutupwa popote ila penye mchanga mtupu, hata kama wageni watalazimika kuogelea mbali zaidi kuifikia miamba.

Upo pia mgogoro wa pomboo wa Kizimkazi, ambao unamgusa mwandishi kuliko yote. Zamani wanyama hao waliwindwa na nyama yao kutumika kuwa chambo cha papa. Utalii uliwapa thamani wakiwa hai, na hilo ni jambo jema lisilopaswa kusahauliwa na wanaoubeza utalii. Ila boti zikifika nyingi kwa pamoja, zikawazunguka pomboo wenye watoto na kuwamwagia waogeleaji mbele ya njia yao kila wanapoibuka kuvuta pumzi, wanyama hukosa muda wa kupumzika na kunyonyesha. Katika boti ya mwandishi mashine hupunguzwa mwendo mbali na kundi, chombo huenda sambamba nalo bila kulikatia njia, na pomboo wakiondoka hawafuatwi. Wageni wa safari ya faragha, wanaodhani wamelipia kuwagusa, hukasirika mara nyingine. Wengi hutulia wanapoona kwamba kundi lisilofukuzwa hurejea lenyewe ubavuni mwa boti.

Hivi sasa mwandishi amewaachia vijana usukani kwa siku nyingi za juma, na anachowaomba wenye ofisi za safari ni jambo moja linaloandikika kwa mstari mmoja katika makubaliano: kwamba saa ya kuondoka, mahali pa kushukia na saa ya kurudi hupangwa na nahodha kwa kufuata maji na upepo wa siku hiyo, na kwamba akiahirisha safari kwa ajili ya usalama hakatwi ujira wake. Kwa msomaji atakayekodi boti Unguja, ombi ni hili: kabla ya kulipa, azungumze na nahodha mwenyewe, amuulize maji yatajaa na kupwa saa ngapi siku ya safari, ahesabu majaketi ya kuokolea na idadi ya watu, na akipewa saa asiyoipenda, aichukue.