Nani Anaona, Nani Anajua

Jumatatu, 3 Machi 2025

Usiku huu nimeirudia The Shining (1980) ya Stanley Kubrick, mwanzo wake tu. Giza halimo. Ni mchana mweupe: ziwa limetulia, milima imelizunguka, na gari dogo la njano linapanda barabara ya Hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani. Bado nywele zilinisimama.

Kamera iko kwenye helikopta. Inalifuata gari kwa nyuma, kutoka juu, inalikaribia, kisha inalipita na kuelekea bondeni. Dereva hajui kwamba anafuatwa, nasi hatujui anayemfuata ni nani. Wakati huohuo Wendy Carlos na Rachel Elkind wanapiga kwa sintesaiza Dies Irae, wimbo wa kale wa Kanisa Katoliki wa ibada ya wafu. Macho yako matembezini, masikio yako mazikoni.

Jumatano, 5 Machi

Jaws (1975) ya Steven Spielberg. Msichana anaogelea usiku peke yake. Kijana aliyemfuata amelala ufukweni, kalewa. Tukio lilipigwa mchana, kisha picha ikatiwa giza. Kamera inazama na kutazama juu: miguu ya msichana inacheza majini, mwili wake kivuli kitupu dhidi ya mwanga. Kutoka chini vile, binadamu anageuka kitoweo.

Noti mbili za John Williams zinaanza polepole, halafu zinashika kasi. Papa haonekani, muziki ndio mwili wake. Msichana hausikii, mimi nausikia. Nimejua kabla yake, na sina la kumfanyia. Hapo ndipo taharuki inaponikaba.

Ijumaa, 7 Machi

Halloween (1978) ya John Carpenter inakwenda mbali zaidi: inatuvalisha macho ya muuaji. Walitumia Panaglide, kamera inayofungwa mwilini mwa mpigapicha ili itembee bila kutikisika. Tunaizunguka nyumba, tunachungulia dirishani. Taa ya chumba cha juu inazimwa na papo hapo mlio mkali unachoma masikio. Tunaingia jikoni, mkono unachukua kisu, tunapanda ngazi. Kinyago kikivaliwa, picha inabanwa ndani ya matundu mawili ya macho, na pumzi inasikika karibu mno. Nilitamani kugeuza shingo nitazame pembeni, kamera haikuniruhusu.

Baada ya mauaji, nje ya nyumba, kinyago kinavuliwa na hatimaye tunamwona aliyetubeba: mtoto wa miaka 6. Hofu ya mwanzo ilikuwa ya kisu. Hii ya sasa ni nzito kuliko ile, na imeletwa na kamera kubadili upande tu.

Jumapili, 9 Machi

Wengi hudhani taa zikiwaka hofu inapungua. Wes Craven anakanusha katika Scream (1996). Nyumba ina taa kila mahali na milango mikubwa ya vioo. Aliye nje gizani anaona ndani vizuri. Drew Barrymore, aliye ndani, hawezi kumwona. Mwanga umemweka uchi mbele ya adui.

Jikoni bisi zinapasuka juu ya jiko, na kila simu ya muuaji inapolia mlio wa bisi unazidi hadi moshi unafuka. Hakuna anayezitazama tena, lakini masikio yanazihesabia muda. Sauti ya muuaji simuni ilikuwa ya Roger L. Jackson, ambaye wakati wa kurekodi aliongea na Barrymore kwa simu kweli, akiwa mahali ambapo Barrymore hakuweza kumwona. Woga ule usoni una chanzo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeufungua mswada wetu wa filamu fupi nikiwa na filamu hizi nne kichwani. Ukurasa wa kwanza una radi, mlango unaolia na muziki tangu sekunde ya kwanza. Nimevifuta vyote. Radi inashtua, na mshtuko huisha mara moja. Taharuki hukaa, kwa sababu hulishwa na tofauti ya ujuzi kati ya mhusika na mtazamaji. Mwanga huamua nani anaonekana, pembe ya kamera huamua nani anatazama, sauti huamua nani anajua mapema.

Kesho nitawaambia wenzangu: kabla hatujakodi taa hata moja, tujibu maswali hayo matatu kwa tukio la kwanza. Tukishindwa kuyajibu, mswada bado haujawa tayari kupigwa.