Mwanahisabati Ajifunze Lugha Gani?

Kwenye fasihi, swali la uandike kwa lugha gani limeshagombanisha watu vya kutosha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliandikia kitabu kizima mwaka 1986. Sisi wa hisabati tulikuwa tunawatazama kwa mbali. Alama zetu zinasomeka Dodoma kama zinavyosomeka Paris, na ubao na chaki vilitutosha. Sasa swali limetufikia na sisi kwa mlango mwingine: mwanahisabati ambaye hajawahi kuandika programu hata moja, ajifunze lugha gani ya kompyuta?

Kwangu si swali la kupiga soga. Nina miaka 47, nafundisha chuoni, na muda wangu wa ziada ni kama masaa mawili usiku, watoto wakishalala na umeme ukiwepo. Kwa muda huo, lugha moja ni mwaka mzima. Ndiyo maana wanaonijibu "jifunze yoyote tu, zote zinafanana" wananiudhi. Hazifanani hata kidogo.

Ukiuliza watu, kila mtu anakuvutia kwake. Wahandisi wanakwambia MATLAB, ambayo ni ya kulipia. Wa takwimu wanakwambia R, iliyoanzia New Zealand. Wanafunzi wanakwambia ile inayoleta ajira, na siwalaumu. Lakini hakuna aliyeniuliza mimi naitaka ya nini, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia.

Kuna kitu kinachomkera mtu wa hisabati siku ya kwanza kabisa. Lugha nyingi za kompyuta zinakuruhusu kuandika x = x + 1. Kwenye ubao wangu huo ni uongo mtupu: hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiongeza moja. Kwenye kompyuta si kauli, ni amri: chukua kilichomo kwenye x, ongeza moja, rudisha. Alama ile ile, maana nyingine kabisa. Haskell, lugha iliyotoka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry, inakataa mchezo huo. Ukishasema x ni 5, ni 5. Niliipenda jinsi unavyopenda nyumba nzuri ya mtu ukipita barabarani, halafu ukaendelea na safari zako.

Python ni habari nyingine, na sitaki mtu adhani naidharau. Chukua kisa cha Euler. Mwaka 1769 alidai kwamba ukitaka kujumlisha vipeo vya tano vya namba za kuhesabia ili upate kipeo cha tano cha namba nyingine, huwezi kutumia namba pungufu ya tano. Dai likakaa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1966 Lander na Parkin wakaiachia kompyuta kubwa ya wakati huo, CDC 6600, itafute, na ikapata:

27⁵ + 84⁵ + 110⁵ + 133⁵ = 144⁵

Namba nne tu. Makala waliyochapisha ilikuwa na sentensi mbili. Leo utafutaji huo unaandikwa kwa mistari michache ya Python na unakwisha kwenye kompyuta ya kawaida ya mapajani. Tena Python haishtuki namba zikiwa kubwa. Ile 144⁵ ni 61,917,364,224, wakati namba kamili ya kawaida kwenye lugha ya C huishia 2,147,483,647, na usipokuwa mwangalifu inakuharibikia bila kukuaga.

Basi ukitaka kujua kama dai lina dosari, tafuta kwa Python. Kinachoishinda ni "daima". Fomula n² + n + 41 inatoa namba tasa kwa n = 0, 1, 2 mpaka 39, mara arobaini mfululizo. Kwa 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41. Mashine inayohesabu inaweza kukuvunjia dai, ila kulijenga mpaka juu, kwa namba zote zisizo na mwisho, hiyo si kazi ya kuhesabu.

Na mimi mashaka yangu yako huko. Kwenye tasnifu yangu kuna uthibitisho wa kurasa kumi na moja, unaohusu maumbo ya vitone na mistari, uliogawanyika katika hali 23. Kila hali ina hoja yake. Waliousoma wote ninawajua: msimamizi wangu na watahini wawili. Mzee aliniambia siku ya kusaini, "Hii ya 17, mwanangu, nimeipitisha kwa sababu nakuamini wewe." Ameshafariki. Sina sababu yoyote ya kudhani hali ya 17 ina kasoro. Ila "nakuamini" si hoja ya kihisabati, na sentensi ile haijanitoka.

Haya hayanipati mimi peke yangu. Wauza machungwa sokoni wanajua kuyapanga yale machungwa yakaingiana vizuri. Mwaka 1611 Kepler alidai kwamba hakuna mpangilio unaobana nafasi kuliko huo. Thomas Hales alitangaza uthibitisho mwaka 1998, mrefu na uliotegemea kompyuta. Jopo la wasomaji likahangaika nao kwa miaka, mwisho likasema lina uhakika wa asilimia 99. Hales hakuridhika na ile moja iliyobaki. Aliongoza watu kuuandika upya wote kwa lugha ambayo mashine inaweza kuukagua hatua kwa hatua, wakamaliza 2014. Miaka mingi, kwa ajili ya asilimia moja!

Lugha za namna hiyo ziko kadhaa. Niliyoichagua inaitwa Lean, ilianzishwa 2013 na Leonardo de Moura akiwa Microsoft. Humu huandiki amri ya kuhesabu, unaandika kauli na uthibitisho wake, na mashine inakubali au inakataa. Wanaoanza wana mchezo kwenye intaneti, wa Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar, unaokupa namba za kuhesabia zikiwa uchi kabisa. Una sifuri, na una "inayofuata". Kujumlisha kunafafanuliwa kwa upande wa kulia: n + 0 ni n, basi.

Halafu unaambiwa uthibitishe kwamba 0 + n pia ni n.

Unacheka. Si kitu kile kile? Unajaribu kupita, mashine inagoma. Hujaambiwa popote kwamba unaweza kugeuza pande. Kugeuza pande kwenyewe ni jambo la kuthibitishwa, baadaye. Inabidi uanze na sifuri, kisha uonyeshe kwamba likiwa kweli kwa namba moja ni kweli kwa inayofuata. Nimefundisha hisabati miaka ishirini, na usiku huo nilikaa mbele ya 0 + n kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilifurahi mno.

Wapenzi wa ushairi wataitambua sura hii. Amri Abedi aliandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954: vina na mizani, la sivyo si shairi. Miaka ishirini baadaye Kezilahabi akatoa Kichomi na kuziacha sheria hizo kando. Kwenye ugomvi ule mimi nimekuwa upande wa Kezilahabi tangu nikiwa sekondari, na bado niko. Kumbe kwenye uthibitisho ni mhafidhina wa kutisha. Namtaka mzee anayehesabu mizani kwa vidole na kunirudishia karatasi.

Gharama zipo. Maktaba ya Lean ni gigabaiti kadhaa, na bando nalilipia mwenyewe. Ujumbe wa makosa ni Kiingereza kitupu. Mwenzangu mmoja wa idarani anasema napoteza mwaka kuthibitisha yaliyokwisha kuthibitishwa, na wanafunzi wangu wakiniuliza bado nawaambia Python, kwa sababu wao wana maswali mapya na wanahitaji mkate.

Hali ya kwanza ilinichukua wiki sita. Ya pili siku tisa, maana nilishazoea. Sasa niko kwenye ya tatu, imegoma mahali ambapo kwenye tasnifu niliandika "ni dhahiri". Nimeamua kwenda kwa mpangilio, bila kuruka hadi ya 17, ingawa kuna usiku mkono unawasha.